Elimu kwa Umma: Pensheni, Kiinua Mgongo na Mirathi kwa Wastaafu wa Migori na Homa Bay

Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akifikisha umri wa miaka 60, na mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65. Kuanzia hapo mshahara hukoma, lakini karo, dawa, michango ya matanga na chakula cha nyumbani havikomi. Kuna mambo mawili yatakayoamua jinsi familia itakavyoishi baadaye: namna mstaafu atakavyopokea pesa zake, na majina yaliyoandikwa kwenye karatasi zake. La kwanza linamhusu yeye akiwa hai. La pili linawahusu mume, mke na watoto atakaowaacha.

Somo hili linaeleza yote mawili kwa wakazi wa Migori na Homa Bay, wawe walimu, wauguzi, wafanyakazi wa kaunti, waliofanya kazi kiwandani Awendo, au wavuvi na wakulima ambao hawakuwahi kuajiriwa.

Kwanza, ajue yuko katika mpango gani

Neno "pensheni" hutumiwa kwa mambo mengi tofauti. Mstaafu mtarajiwa anapaswa kujua jina kamili la mpango wake, kwa sababu kila mmoja una sheria zake.

- Walimu na watumishi wa serikali ya kitaifa walioajiriwa zamani hulipwa kwa mujibu wa Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, kupitia Idara ya Pensheni katika Hazina ya Kitaifa.
- Kuanzia Januari 1, 2021, waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya wa watumishi wa umma, maarufu kama PSSS. Waliokuwa na miaka 45 au zaidi waliachiwa wachague. Katika mpango huu mfanyakazi huchanga asilimia 7.5 ya mshahara wake wa msingi na serikali huongeza asilimia 15.
- Wafanyakazi wengi wa kaunti, hasa waliotoka katika mabaraza ya zamani, wako Lapfund au katika mfuko wa CPF uliotokana na Laptrust.
- Wafanyakazi wa sekta ya kibinafsi wana akiba NSSF, na wengine wana mfuko wa mwajiri pia.

Mtu mmoja anaweza kuwa na pesa katika sehemu tatu. Muuguzi aliyeanza kazi katika hospitali ya misheni, akahamia Wizara ya Afya, kisha akaishia kuwa mfanyakazi wa kaunti, huenda anadai kote huko. Akiba inayosahaulika kwa muda mrefu hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa (UFAA), na mtu yeyote anaweza kutafuta jina lake huko kwa kubonyeza *361# kwenye simu.

Kinachochelewesha malipo mara nyingi ni jina. Kitambulisho kikisema hivi, cheti cha PIN ya KRA kikisema vile, na akaunti ya benki ikawa na herufi nyingine, faili husimama. Kwa hivyo mfanyakazi anashauriwa kuanza kulinganisha stakabadhi zake angalau mwaka mmoja kabla ya siku ya kustaafu. Fomu za kudai pensheni hazilipiwi. Anayeomba "kitu kidogo" ili faili isonge si wa kuaminiwa.

Hesabu ya pensheni ya serikali

Chini ya Sura ya 189, kila mwezi kamili wa utumishi huhesabiwa kuwa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa msingi wa mwaka. Mfano wa mwalimu aliyefanya kazi miaka 30 utasaidia.

Miaka 30 ni miezi 360. Mshahara wake wa mwisho wa msingi ni Sh50,000 kwa mwezi, yaani Sh600,000 kwa mwaka. Zidisha Sh600,000 kwa 360, kisha gawanya kwa 480. Jibu ni Sh450,000 kwa mwaka, sawa na Sh37,500 kwa mwezi. Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayamo katika hesabu hii, ndiyo maana wengi hushtuka wanapoona pensheni iko chini ya walivyotarajia.

Sheria inamruhusu mwalimu huyo kubadilisha robo ya pensheni yake iwe malipo ya mkupuo, ambayo wengi huyaita kiinua mgongo. Robo ya Sh450,000 ni Sh112,500. Kiasi hicho huzidishwa mara 20, naye hupokea Sh2,250,000 kwa pamoja. Pensheni inayobaki ni Sh337,500 kwa mwaka, au Sh28,125 kwa mwezi.

Hapa ndipo somo lilipo. Tofauti kati ya Sh37,500 na Sh28,125 ni Sh9,375 kwa mwezi. Zile Sh2,250,000 zinazoonekana nyingi ni Sh9,375 za kila mwezi kwa miaka 20, zilizolipwa kwa siku moja. Mwalimu huyo akistaafu na miaka 60, amepewa leo pesa zake za hadi umri wa miaka 80. Si makosa kuzichukua. Makosa ni kuzitumia kana kwamba ni bahati nasibu.

Walio katika mifuko ya kuchangia

Kwa mifuko ya pensheni inayosimamiwa chini ya Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni (RBA), utaratibu wa kawaida ni kwamba mstaafu huchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo. Theluthi mbili zinazobaki humpa mapato kwa mojawapo ya njia mbili.

Njia ya kwanza ni kununua pensheni ya maisha kutoka kampuni ya bima. Kampuni huchukua fedha zile na kuahidi kumlipa kila mwezi hadi kufa kwake. Faida yake ni kwamba hata akiishi miaka 95, malipo hayakatiki. Hasara yake ni kwamba uamuzi ukishafanywa haugeuzwi. Kabla ya kutia sahihi, mstaafu anapaswa kuuliza maswali matatu. Je, malipo yanaendelea kwa mwenzi nikifa? Je, kuna miaka ambayo malipo yamehakikishwa hata nikifa mapema? Je, malipo yataongezwa kadiri bei za bidhaa zinavyopanda, au yatabaki palepale? Pensheni ya mtu mmoja pekee, isiyo na muda wa uhakika, huwa kubwa kidogo kwa mwezi, lakini akifa mwaka wa pili familia haipati kitu.

Njia ya pili ni kuacha fedha katika mfuko ziendelee kuwekezwa huku akichota kidogo kidogo. Mpango huu hudumu angalau miaka 10, na hawezi kuchota zaidi ya asilimia 15 ya salio kwa mwaka. Mwenye Sh3,000,000 akichukua theluthi, hubakisha Sh2,000,000. Mwaka wa kwanza anaweza kuchota hadi Sh300,000, yaani Sh25,000 kwa mwezi. Akifa, salio huenda kwa aliowateua. Hatari yake ni kwamba akichota kiwango cha juu kila mwaka na faida ya uwekezaji ikawa ndogo, salio litapungua na malipo yake nayo yatashuka.

Tangu Desemba 27, 2024, malipo kutoka mifuko iliyosajiliwa hayatozwi ushuru kwa aliyefikisha umri wa kustaafu. Aliyestaafu baada ya tarehe hiyo akikuta makato ya ushuru, ana haki ya kuuliza.

Pesa za mkupuo ziende wapi?

Kipimo cha haraka ni kile cha Sh9,375. Mradi wowote unaopewa pesa zote za mkupuo katika mfano wetu unapaswa kurudisha angalau kiasi hicho kila mwezi, baada ya gharama. Usipoweza, mstaafu amenunua umaskini polepole.

Miwa ni zao linalojulikana Awendo, Rongo, Ndhiwa na Uriri. Lakini miwa ya kwanza huchukua takriban mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuvunwa, na malipo hutegemea kiwanda. Mashua na injini pale Mbita au Muhuru Bay huleta pesa za kila siku, lakini hutaka mwenyewe awe ufuoni kuzihesabu, na mapato hukatika uvuvi wa omena unapofungwa kwa msimu. Matatu huhitaji vipuri kabla hata ya kulipa gharama ya kuinunua. Biashara hizi si mbaya kwa anayezijua. Mtu aliyefundisha Hisabati kwa miaka 30 hajawa mvuvi kwa sababu amestaafu. Anayetaka kuingia humo aanze na sehemu ndogo ya fedha zake, angali kazini, ajifunze hasara ikiwa bado ndogo.

Kwa asiyetaka kuhangaika, hati za dhamana za serikali hupatikana kwa kuanzia Sh50,000. Tangu 2023 Benki Kuu hutumia mfumo wa DhowCSD, ambao mwekezaji anaweza kuufungua kwa simu au kompyuta bila wakala. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita, na mtaji hurudishwa muda ukiisha. Akiba katika Sacco iliyosajiliwa pia ni njia nzuri, mradi mstaafu ahakikishe Sacco inayopokea amana ina leseni ya SASRA kwa mwaka huo.

Sacco ina jambo jingine linaloumiza wastaafu: udhamini. Aliyewadhamini wenzake mikopo hubaki mdhamini hata baada ya kustaafu, na wakikosa kulipa, akiba yake ndiyo hushikwa. Mwaka wa mwisho wa kazi ndio wakati wa kuomba orodha ya mikopo aliyoidhamini na kuwataka wakopaji watafute wadhamini wengine.

Matibabu yasisahauliwe. Makato ya SHA ya asilimia 2.75 yalitoka kwenye mshahara wenyewe. Mshahara ukikoma, mstaafu ahakikishe hadhi yake na ya jamaa zake kupitia *147#, ili asigundue hospitalini kwamba hayuko hai katika mfumo. Kaya isiyo na mshahara hupimwa uwezo wake, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi.

Wasiokuwa na mwajiri

Mvuvi, mama muuza samaki, fundi wa jua kali na mkulima nao huzeeka. Mpango wa Mbao ulizinduliwa 2011 kwa ajili yao, na jina lenyewe linatokana na shilingi 20 za mtaani, kiasi ambacho mtu angeweka kwa siku. NSSF nayo ina mpango wa Haba Haba, wa kuanzia Sh25 kwa siku. Anayeweka Sh25 kila siku anakuwa ameweka Sh9,125 kwa mwaka, kabla ya faida.

Aliyefikisha umri wa miaka 70 na asiyepokea pensheni yoyote anaweza kuandikishwa Inua Jamii, mpango wa Sh2,000 kwa mwezi. Uandikishaji unapotangazwa, afisi ya chifu ndiyo mahali pa kuanzia.

Akifa, nani atapata? Milango ni mitatu

Watu wengi huamini kwamba wosia, au neno la mzee mbele ya ukoo, hugawa kila kitu. Sivyo. Mali ya mstaafu hupita katika milango mitatu tofauti.

Mlango wa kwanza ni mfuko wa pensheni. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Malipo ya Uzeeni kinasema kwamba malipo ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake. Wadhamini wa mfuko huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko, wakiongozwa na fomu ya uteuzi aliyojaza. Mtu aliyejaza fomu hiyo 1992 kabla hajaoa, akaandika jina la mama yake au ndugu yake, ameiachia familia yake kesi. Fomu hubadilishwa bure wakati wowote.

Mlango wa pili ni Sacco. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, hisa na akiba za mwanachama aliyefariki hupewa aliyeteuliwa kwenye daftari la chama. Nako pia jina la zamani hubaki na nguvu mpaka libadilishwe.

Mlango wa tatu ni mahakama. Humo hupita shamba, ploti, gari, mifugo na pesa zilizo benki. Hii ndiyo mirathi hasa, nayo huongozwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981. Waislamu hufuata sheria ya Kiislamu, na wanaweza kwenda mbele ya Kadhi.

Ardhi iliyosajiliwa kwa majina ya mume na mke kama umiliki wa pamoja ni tofauti kidogo: mmoja akifa, humbakia aliye hai. Lakini kama kila mmoja ana hisa yake, hisa ya marehemu huingia katika mirathi.

Wosia unaokubalika

Mtu yeyote mwenye umri wa miaka 18 na akili timamu anaweza kuandika wosia. Si lazima awe na wakili, ingawa wakili husaidia mali ikiwa nyingi au familia ikiwa na migogoro. Sheria inataka wosia wa maandishi utiwe sahihi na mwenyewe, na uwe na mashahidi wawili au zaidi. Shahidi asiwe mrithi. Zawadi iliyoachiwa shahidi hubatilika, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika.

Wosia wa mdomo unakubalika tu ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka afariki ndani ya miezi mitatu. Maneno ambayo mzee aliyasema Krismasi, kisha akaishi miaka minne, si wosia.

Mambo mengine matatu ni ya kukumbuka. Ndoa mpya hufuta wosia wa zamani, isipokuwa uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo. Mahakama inaweza kuongeza fungu kwa mtegemezi aliyeachwa bila kitu. Na mtu hawezi kurithisha kisichokuwa chake: hatimiliki ikiwa bado kwa jina la babu aliyefariki, mirathi ya babu ndiyo ianze kufunguliwa.

Bila wosia: Mikayi, Nyachira na sheria

Mtu akifa bila wosia, sheria humgawia. Kama ameacha mke mmoja au mume pamoja na watoto, mjane hupata vitu vya nyumbani moja kwa moja. Mali iliyobaki huwa na haki ya kuitumia maisha yake yote, lakini hawezi kuuza ardhi atakavyo bila idhini ya mahakama. Baadaye watoto hugawana sawa.

Kwa familia za wake wengi, desturi ya Waluo hutambua nyumba: ya Mikayi, mke wa kwanza, ya Nyachira, wa pili, na ya Reru, wa tatu. Wazee wengi hutarajia ardhi igawanywe kwa nyumba. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi kinatambua nyumba hizo, lakini kinahesabu watu waliomo: watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi.

Chukua mzee wa mfano aliyeacha ekari 10. Mikayi ana watoto sita, Nyachira ana wawili. Nyumba ya Mikayi ina watu saba, ya Nyachira ina watatu. Jumla ni 10. Kwa sheria, nyumba ya kwanza hupata ekari saba na ya pili tatu. Wazee wakigawa kwa nyumba, kila moja ingepata ekari tano. Tofauti hiyo ya ekari mbili ndiyo huzaa kesi. Mzee mwenye sababu nzuri ya kugawa kwa namna nyingine anaweza kuiandika katika wosia akiwa hai.

Mabinti nao huhesabiwa, walioolewa na wasioolewa. Sheria inasema "watoto", na katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, 2005, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa kuwa huenda ataolewa. Vilevile, hakuna kifungu cha sheria kinachomtaka mjane akubali kurithiwa na shemeji ndipo apate haki yake.

Njia ya mahakama

Familia huanza kwa cheti cha kifo na barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote. Ombi hupelekwa mahakamani. Hakimu Mkuu anaweza kusikiza mirathi ya thamani isiyozidi Sh20 milioni, na inayozidi hapo huenda Mahakama Kuu, iliyo Homa Bay na Migori. Mahakama za mahakimu pia ziko Rongo, Kehancha, Oyugis, Mbita na Ndhiwa, na kila hakimu ana kikomo chake.

Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Msimamizi akishapewa kibali, kwa kawaida husubiri miezi sita ndipo kithibitishwe na mali igawanywe. Kabla ya hapo, kuuza ng'ombe au kukata kipande cha shamba la marehemu ni kosa. Faini ni hadi Sh10,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, na aliyeingilia hutakiwa kurudisha mali. Anayenunua shamba kwa watu wasio na kibali kilichothibitishwa naye hupoteza pesa zake.

Orodha ya kukagua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mstaafu, na kila anayekaribia kustaafu, anahimizwa kuwa na daftari moja lenye mambo haya:

1. Jina la kila mfuko na Sacco, nambari ya uanachama, na tarehe ya mwisho fomu ya uteuzi ilipobadilishwa.
2. Nambari za ardhi zote, na jina lililo kwenye kila hatimiliki.
3. Akaunti za benki, simu na bima. Nambari za siri zisiandikwe humo.
4. Madeni anayodai, anayodaiwa, na mikopo aliyoidhamini.
5. Nakala za vitambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote.
6. Mahali wosia ulipowekwa, na jina la msimamizi aliyemteua na aliyekubali kazi hiyo.

Mwenzi wake, au mtoto mmoja anayeaminika, ajue daftari liko wapi. Vituo vya Huduma vya Migori na Homa Bay huelekeza wananchi kuhusu huduma za serikali ya kitaifa, zikiwemo za NSSF, na masijala za mahakama hueleza fomu za mirathi zinazohitajika. Kwa wengi, hatua ya kwanza inayoweza kuchukuliwa wiki hii ni ndogo: kwenda kwenye Sacco na mfuko wa pensheni, kuomba kuonyeshwa fomu ya uteuzi, na kusoma majina yaliyomo.